Kigoda na Msaidizi: Kiswahili na Utafiti katika Chuo Kikuu cha Hamburg, 1908–1968

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu zilivyoingia katika Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani, tangu kuasisiwa kwa Taasisi ya Kikoloni mwaka 1908 hadi sanamu ya Hermann von Wissmann ilipoangushwa na wanafunzi mwaka 1968. Hoja inayotetewa ni kwamba mgawanyo wa kazi kati ya profesa mwenye kigoda na msaidizi wa lugha aliyetoka pwani ya Afrika Mashariki haukuwa suala la utawala tu. Mgawanyo huo ndio uliochagua nani aitwe mtafiti na nani ahesabiwe kuwa chimbuko la data, na athari zake zilifika mbali sana na Hamburg.

Chuo kilichozaliwa bandarini

Vyuo vikuu vingi vyenye sifa nchini Ujerumani ni vya kale. Heidelberg kilianzishwa mwaka 1386, Leipzig mwaka 1409. Hamburg, mji wa bandari na wa matajiri wa biashara, haukuwa na chuo kikuu hata kimoja mpaka karne ya 20 ilipokuwa imekwisha kuanza. Mlango ambao elimu ya juu iliingilia mjini humo ulikuwa mlango wa makoloni, na hapo ndipo historia hii inapoigusa Afrika Mashariki moja kwa moja.

Kati ya mwaka 1904 na 1908 dola ya Ujerumani ilipigana vita viwili vikubwa barani Afrika: vita dhidi ya Waherero na Wanama kusini-magharibi, na Vita vya Maji Maji (1905–1907) katika eneo ambalo leo ni kusini mwa Tanzania. Mauaji na njaa iliyofuata viliwatia wanasiasa wa Berlin katika mabishano makali, si kwa huruma peke yake bali pia kwa sababu ya gharama. Mwaka 1907 iliundwa Ofisi ya Makoloni ya Dola, ikakabidhiwa Bernhard Dernburg, mtu aliyetoka katika biashara ya benki. Dernburg alizuru Afrika Mashariki mwaka huohuo. Mtazamo wake ulikuwa kwamba koloni litawaletea Wajerumani faida likitawaliwa kwa maarifa kuliko likitawaliwa kwa bunduki pekee. Ofisa ajue sheria, ajue magonjwa ya nchi za joto, ajue lugha.

Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 1908 kwa makubaliano kati ya Seneti ya mji na Ofisi hiyo, ni zao la fikra hizo. Seneta Werner von Melle, aliyekuwa akitamani chuo kikuu kamili kwa miaka mingi, aliiona kama ngazi ya kufikia lengo lake. Ngazi hiyo haikupandika kwa urahisi. Mwaka 1913 baraza la wawakilishi la mji liliukataa mpango wa chuo kikuu. Jengo kuu lenye kuba, lililojengwa kwa msaada wa tajiri Edmund Siemers na kufunguliwa mwaka 1911, lilikuwa tayari limesimama. Kilichokosekana ni chuo chenyewe. Mwaka 1919, baada ya baraza la kwanza kuchaguliwa kwa kura za watu wote, wanawake kwa wanaume, sheria ilipitishwa na Chuo Kikuu cha Hamburg kikafunguliwa mwezi Mei. Wiki chache baadaye Mkataba wa Versailles ulitiwa saini na Ujerumani ikapoteza makoloni yake yote. Chuo cha umma kilichoasisiwa na demokrasia changa kikajikuta kimerithi idara, vitabu na walimu waliotayarishwa kwa ajili ya makoloni yasiyokuwapo tena.

Kigoda cha Meinhof

Mwaka 1909 Carl Meinhof (1857–1944), mchungaji wa Kilutheri aliyekuwa akifundisha Berlin, alihamia Hamburg kuongoza Seminari ya Lugha za Makoloni. Kwa kawaida hicho hutajwa kuwa kigoda cha kwanza cha taaluma ya lugha za Kiafrika duniani. Mwaka uliofuata iliongezwa maabara ya fonetiki chini ya Giulio Panconcelli-Calzia, na jarida la taaluma likaanza kutoka.

Haitakuwa haki kuipuuza kazi iliyofanyika hapo. Kitabu cha Meinhof cha fonolojia linganishi ya lugha za Kibantu kilikuwa kimetoka mwaka 1899, na sarufi linganishi mwaka 1906. Ndani yake alijaribu kuunda upya lugha-mama ambayo lugha zote za Kibantu zilitokana nayo. Yeyote anayefundisha ngeli za nomino za Kiswahili kwa kuzihesabu ngeli ya 1, ya 2, ya 3 na kuendelea anatumia utaratibu ulioanzwa na Wilhelm Bleek na kuimarishwa na Meinhof. Walimu wengi wa Afrika Mashariki wanaotumia hesabu hiyo kila siku hawajui ilitoka wapi, na pengine si neno.

Suala ni namna maarifa hayo yalivyopatikana. Chuo kikuu cha Kijerumani cha wakati huo kilijengwa juu ya wazo kwamba kufundisha na kutafiti ni kazi moja. Profesa hakufundisha kilichokwisha kuandikwa tu; aliwakusanya wanafunzi wake katika seminari na kutafiti pamoja nao. Wazo hilo lilikuwa na ngazi zake. Mwanafunzi aliandika tasnifu ya udaktari. Baadaye aliandika kazi ya pili kubwa zaidi iliyompa ruhusa ya kutoa mihadhara. Hatimaye, akibahatika, aliitwa kushika kigoda na kuwa mtumishi wa serikali maisha yake yote. Nje ya ngazi hizo kulikuwa na watu wa mikataba, na miongoni mwao alikuwamo msaidizi wa lugha, yaani Sprachgehilfe.

Msaidizi alikuwa Mwafrika. Kazi yake ilikuwa kutamka. Alikaa kando ya mwalimu Mjerumani darasani, akatoa mifano, akasahihisha matamshi, akasimulia hadithi zilizoandikwa na wengine. Na katika maabara sauti yake ilipimwa kwa mitambo. Sarufi ilifafanuliwa na mwenye kigoda. Hakuna ngazi iliyomtoa msaidizi kwenye kiti chake na kumpeleka kwenye kigoda, hata angekuwa na elimu ya kiasi gani.

Mtoro bin Mwinyi Bakari

Elimu hiyo haikuwa ya kufikirika tu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa karibu na Bagamoyo yapata mwaka 1869. Alisoma elimu ya dini ya Kiislamu na alikuwa mwandishi kabla hajafika Ulaya. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1887 chini ya chuo kikuu cha mji huo. Kabla yake Sleman bin Said na Amur bin Nasur walikuwa wamekwisha kupita katika nafasi hiyohiyo.

Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, chini ya jina la Carl Velten. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni kalamu ya Mtoro. Kinaeleza uzazi, malezi, jando, ndoa, ngoma, utumwa, mashauri na mazishi ya watu wa mrima kwa nathari ambayo mpaka leo ni miongoni mwa nathari bora za Kiswahili za zama zake. Velten alikusanya, alipanga na alitafsiri. Hilo ni kweli na lina thamani yake. Lakini katika maktaba za Ulaya, kwa takriban miaka 80, mtunzi alikuwa Velten. Tafsiri ya Kiingereza iliyohaririwa na J. W. T. Allen na kutolewa California mwaka 1981 ndiyo iliyoliweka jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari juu ya jalada.

Maisha yake yanaonyesha mipaka ya nafasi aliyopewa. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata wanandoa hao walisafiri kurudi Afrika Mashariki, na serikali ya koloni ikakataa kuwaruhusu wakae pamoja katika nchi ya mume. Wakarejea Ujerumani. Kwa hiyo mtu aliyewaeleza Wajerumani desturi za ndoa za kwao kwa undani kuliko yeyote alinyimwa nafasi ya kuishi na mkewe kwao. Mwaka 1909 Meinhof alimchukua Hamburg kuwa msaidizi wa lugha katika Taasisi ya Kikoloni. Alikaa hapo hadi mwaka 1913, kisha akaishi kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki katika miji mbalimbali ya Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Inafaa kuuliza: kazi hiyo ya mihadhara tuiiteje? Mtu aliyesimama mbele ya hadhira na kueleza jamii yake kwa mpangilio na ushahidi, bila mtu wa kumsimamia, alikuwa akifanya alichokatazwa kufanya ndani ya chuo. Historia za taaluma za Kiafrika nchini Ujerumani humtaja kwa kawaida katika sura ya Berlin au katika orodha ya wasaidizi wa Hamburg, na miaka yake ya mwisho hupewa mstari mmoja. Kwa maoni ya makala haya, miaka hiyo ndiyo inayostahili sura.

Nadharia iliyosafiri

Mwaka 1912 Meinhof alitoa kitabu kuhusu lugha alizoziita za Kihamiti. Dhana ya Wahamiti haikuwa yake. Wasafiri wa karne ya 19, hususan John Hanning Speke, walikuwa wamekwisha kudai kwamba falme za Maziwa Makuu ziliasisiwa na wageni wafugaji kutoka kaskazini, kwa kuwa hawakuamini kwamba Waafrika wa hapo wangeweza kuziasisi wenyewe. Meinhof aliivisha dhana hiyo joho la isimu. Alichanganya vigezo vya sarufi na vigezo vya rangi na ufugaji, akaziweka kundi moja lugha zisizo na undugu: Kifulani, Kimaasai, Kinama. Hata lugha za Kibantu alizidhania kuwa zao la mchanganyiko wenye asili ya Kihamiti ndani yake.

Kwa wasomaji wa Rwanda na Burundi, nchi zilizokuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Dhana ya Mhamiti mtawala na Mbantu mtawaliwa ilichukuliwa na watawala wa Kijerumani, ikaendelezwa na Wabelgiji na kuingizwa katika shule na katika vitambulisho. Cha ajabu ni kwamba ushahidi wa lugha wenyewe uliikana waziwazi. Wahutu, Watutsi na Watwa wa Rwanda huzungumza Kinyarwanda kimoja, lugha ya Kibantu, na wenzao wa Burundi huzungumza Kirundi kimoja. Mwanaisimu aliyejua Kibantu kuliko wengine wote wa zama zake alikuwa na ushahidi huo mezani pake. Joseph Greenberg, katika kazi zake za miaka ya 1949–1950 na kitabu chake cha mwaka 1963, aliibomoa nadharia hiyo kwa kanuni rahisi: undugu wa lugha upimwe kwa lugha, si kwa ng'ombe wala kwa rangi ya ngozi.

Si haki kumbebesha mtu mmoja wa Hamburg dhambi zote za karne iliyopita katika Maziwa Makuu. Hata hivyo, chuo kikuu hufundisha watu, na watu husafiri na walichofundishwa. Mfano ulio wazi zaidi uko Afrika Kusini. Werner Eiselen alipata udaktari wake Hamburg mwaka 1924 chini ya Meinhof. Mwaka 1949 aliteuliwa kuongoza tume ya elimu ya Waafrika, na ripoti ya tume hiyo ndiyo iliyozaa Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953. Washauri wa sera wanaoamini kwamba utafiti wa lugha ni jambo lisilo na madhara wana sababu ya kuufikiria mfano huo.

Miaka ya 1933 hadi 1945

Chuo Kikuu cha Hamburg cha miaka ya 1920 kilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyo hai zaidi Ulaya. Mwanafalsafa Ernst Cassirer alikuwa mkuu wa chuo mwaka 1929–1930, Myahudi wa kwanza kushika wadhifa huo hapo. Erwin Panofsky alifundisha historia ya sanaa, William Stern saikolojia, Otto Stern fizikia. Wote wanne waliondoka kufuatia mwaka 1933. Agathe Lasch, mwanamke wa kwanza kuwa profesa chuoni hapo na bingwa wa lugha ya Kijerumani ya kaskazini, aliondolewa kazini, akahamishwa kwa nguvu mwaka 1942 na kuuawa Riga.

Meinhof alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933. Mwanafunzi wake Ernst Dammann, naye mwanachama wa chama hicho, alikwenda Lamu mwaka 1936 na kukusanya tenzi na nyimbo. Kitabu alichotoa mwaka 1940 juu ya ushairi wa Kiamu bado hakikwepeki kwa mtafiti wa fasihi ya Kiswahili. Nyuma ya kitabu hicho amesimama Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji na mwandishi mwenye hati nzuri, aliyenakili miswada kwa mkono wake kwa ajili ya Dammann kama alivyowahi kunakili kwa ajili ya wataalamu wa London. Kama si Kijuma, maandishi mengi yangepotea; kama si wageni walionunua nakala, pengine pia. Pande zote mbili za sentensi hiyo ni za kweli, na yeyote anayetaka kusikia upande mmoja tu hatajua kilichotokea Lamu.

Berlin ilikuwa na msaidizi wake wa mwisho wa enzi hiyo. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari na yeye mwenyewe askari mtoto wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alifundisha Kiswahili chuoni huko sambamba na kazi za hotelini na katika filamu. Alikamatwa mwaka 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafungwa katika kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Sanamu kutoka Dar es Salaam

Mwaka 1909 serikali ya koloni ilisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda aliyevunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Wissmann alisimama juu; chini yake askari wa Kiafrika alimtazama. Waingereza walipoichukua nchi waliing'oa sanamu hiyo na kuipeleka kwao. Baadaye waliirudisha Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Kwa maneno mengine, chuo cha jamhuri kilipamba uwanja wake kwa kitu kilichoondolewa katika mji wa Waafrika.

Ilikaa hapo zaidi ya miaka 40. Mwaka 1967, wakati vuguvugu la wanafunzi lilipokuwa likipamba moto, wanafunzi walijaribu kuiangusha na kuifunga kamba. Tarehe 9 Novemba mwaka huo, katika sherehe ya kumkabidhi madaraka mkuu mpya wa chuo, wanafunzi wawili walitembea mbele ya maprofesa waliovaa majoho huku wakiwa wamekunjua kitambaa cheusi chenye maandishi yaliyodai kwamba chini ya majoho hayo kuna uvundo wa miaka elfu. Miaka elfu ilikuwa kejeli kwa Wanazi, waliojitapa kwamba dola lao litadumu muda huo. Profesa mmoja aliwapigia kelele kwamba mahali pao ni kambi ya mateso. Akasimamishwa kazi kwa muda. Mwishoni mwa Oktoba 1968 sanamu iliangushwa na haikusimamishwa tena. Imehifadhiwa katika ghala la kituo cha kuangalia nyota cha Bergedorf, na hutolewa mara chache kwa maonyesho.

Wanafunzi waliitumia sanamu kuwauliza maprofesa wao walikuwa wapi mwaka 1933. Lilikuwa swali la haki, ila lilikuwa swali la Wajerumani kwa Wajerumani. Nani alitamka darasani, nani aliandika Desturi, nani alinakili tenzi: maswali hayo hayakuulizwa uwanjani siku zile, na yalichukua miongo mingine kufika katika mitaala.

Mambo yaliyobaki mezani

Leo Chuo Kikuu cha Hamburg kina wanafunzi zaidi ya 40,000. Hakitozi ada ya masomo tangu mwaka 2012. Mwanafunzi hulipa mchango wa muhula tu. Kwa mwombaji kutoka Kampala, Bujumbura au Bukavu kikwazo kiko kwingine, katika viza na katika sharti la kuonyesha fedha za kujikimu mwaka mzima kabla ya kusafiri. Kiswahili hufundishwa katika Taasisi ya Asia na Afrika, ndani ya jengo lililounganishwa na lile la Siemers. Mwaka 2014 chuo kilianzisha kituo cha kutafiti urithi wa kikoloni wa mji, na kina pia kituo kikubwa cha utafiti wa miswada ya dunia nzima.

Hizi ni nafasi, na nafasi zina masharti. Hati ya makubaliano kati ya chuo cha Afrika Mashariki na chuo cha Ujerumani kwa kawaida hutaja ubadilishanaji wa wahadhiri na wanafunzi na matumizi ya maktaba. Kifungu kinachokosekana mara nyingi ni cha utunzi: jina la nani litangulie mtu wa Lamu anaposoma mswada kwa Kiamu na mtu wa Hamburg anapouandikia ufafanuzi, rekodi za sauti zimilikiwe na nani, mtafiti msaidizi aliyekusanya data vijijini aingie katika ukurasa wa shukrani au katika ukurasa wa jina. Vyuo vya kanda vinaweza kudai kifungu hicho kabla ya kutia saini, kwa kuwa wakati huo ndipo vinapokuwa na sauti kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Kuna pia kazi ya kumbukumbu ambayo haingoji makubaliano yoyote. Jarida lililoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la lugha za makoloni, ambalo sasa linaitwa Afrika und Übersee, limejaa hadithi, mafumbo, nyimbo na maelezo ya sarufi yaliyotolewa na wasimulizi. Baadhi yao wametajwa kwa majina katika utangulizi au tanbihi, wengine kwa kabila na umri tu. Kuyapitia matoleo ya kabla ya 1945, kuorodhesha kila msimulizi, mahali alikotoka na maneno aliyoyatoa, ni kazi ya wanafunzi wachache wa uzamili wanaosoma Kijerumani na wanaozijua lugha zenyewe. Wanafunzi wa aina hiyo wapo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.